Ayodini Lamu: tupime mkojo wa kikopo, mtungi wa siku nzima, chumvi ama shingo?

Binamu yangu ameingia kwenye mradi mdogo wa afya hapa Amu, na wiki iliopita akanipigia, kaka wewe si ulizunguka na vikopo vya mkojo mwaka ule, hebu nambie, tukitaka kujua watu wazima wa Lamu wana ayodini ya kutosha ama la, tupime nini? Nikamtumia voisi nne, akasikiza moja na nusu. Basi naandika, manake najua si yeye peke yake anaeuliza, na kila mtu ana kipimo chake anachokipigia debe.

Ayodini ndo ile wengine huiita madini joto. Tezi ya shingoni inaitumia kutengeneza homoni zake, mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ikipungua kwa muda mrefu tezi inavimba, ndo rovu hilo, na kwa mwenye mimba hatari kubwa iko kwenye ubongo wa mtoto. Ikizidi sana nayo tezi inavurugika, kwa hivyo kipimo unachokitaka ni kile kinachokuonyesha pande zote mbili, kupungua na kuzidi.

Sasa kabla ya vipimo nitoe hili la "sisi watu wa bahari, samaki kila siku, ayodini tunayo tele". Nimelisikia Shela, nimelisikia Faza, na daktari mmoja pia nilimsikia akilisema. Zanzibar wako katikati ya bahari kuliko sisi, na utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha upungufu bado upo kule, na Pemba hali ilikuwa mbaya kuliko Unguja, kisa kikubwa chumvi yenye ayodini nyumbani kwao Pemba ilikuwa karibu haipo. Samaki ana ayodini ndio, lkn kiasi chake kinabadilika sana kutoka samaki mmoja hadi mwengine, na kuna nyumba za bara huku kwetu samaki wa bahari anaonekana mara moja kwa wiki. Halafu ile chumvi yenyewe: ukitoka Malindi kuja Lamu ukipita Gongoni na Marereni unaona milima myeupe ya chumvi imelala juani, basi chumvi ile ikiwa hivo bado haina ayodini ya maana hata kama imetoka baharini. Ayodini inatiwa kiwandani, na Kenya sheria ya kuitia iko tangu 1978. Gunia linalotoka kabla ya hapo kwenda kuweka samaki chumvi, hilo ni chumvi tupu.

Haya, vipimo. Mashindano ya kweli ni baina ya viwili, mkojo wa kikopo na mkojo wa mtungi, vingine vyote ni wasindikizaji. Kwa nini mkojo? Manake karibu asilimia 90 ya ayodini unayokula inatoka kwa njia hiyo, kwa hivyo ukijua kilichotoka umejua kilichoingia.

Kikopo ni hivi: mtu anakojoa mara moja, saa yoyote, unachukua kidogo tu, mililita kumi zinatosha, unafunga kifuniko sawasawa, unaandika namba, unaenda nyumba ya pili. Hauhitaji barafu njiani wala dawa ya kuhifadhi, na hili kwa mtu wa visiwani ni jambo kubwa, manake ukitoka Kizingitini na boti hadi uvuke Mokowe upate gari barafu yako ishakuwa maji ya kunawa. Kitu cha kuogopa ni kifuniko kulegea, maji yakipunguka kwa joto ayodini inabaki ndani na namba inapanda bure.

Mtungi ni kisa chengine. Asubuhi mtu anakojoa anamwaga, anaandika saa, halafu kila tone kuanzia hapo linaingia mtungini mpaka asubuhi ya pili, na ule wa asubuhi ya pili nao unaingia. Uzuri wake haubishaniki, unapata jumla ya siku nzima, unagawanya kwa 0.9 unajua mtu amekula mikrogramu ngapi. Lkn hebu kampe mvuvi. Mimi nilimpa mzee mmoja Matondoni, mtu wa heshima, nikamweleza yote, akautazama mtungi, akanitazama mimi, akasema mwanangu, mimi nitoke na choo changu niingie nacho mashuani kwenye chakula cha watu? Ndo ikaisha hapo. Na wanawake nao, mkojo ni najisi, mtu anaogopa nguo yake isipate tone akakosa swala, atembee nao harusini? Waliokubali wengi wao ni waliokuwa wamekaa nyumbani siku ile, na hao peke yao si Lamu.

Tena mtungi una kosa lake la siri. Mtu akisahau mara moja tu, akaenda choo cha msikiti akakojoa akarudi, hatokwambia, na jumla yako imeshuka. Wataalamu wanaangalia kreatinini, ile taka ya misuli inayotoka na mkojo, ikiwa ndogo kuliko inavotakikana kwa mtu wa mwili ule wanajua mtungi haukujaa, ama wanampa vidonge vya PABA kisha wanahesabu vimetoka vingapi, lkn yote hayo ni pesa na maneno.

Kikopo nacho kosa lake ni jua. Hapa ndo nataka binamu yangu asome pole pole. Chukua watu wawili, wote wamekula mikrogramu 150 sawasawa, wote wanatoa kama 135. Wa kwanza yuko ofisini chini ya feni, anakunywa maji, anakojoa lita 2 kwa siku, ukimpima unapata kama 67 kwa lita. Wa pili anabeba mawe na punda tangu alfajiri, jasho lote limeisha mgongoni, anakojoa mililita 800 tu, huyo utampata karibu 169 kwa lita. Chakula kimoja, ayodini moja, lkn ukitazama karatasi utasema wa kwanza ana upungufu na wa pili yuko sawa. Vipimo hivi vya kimataifa vimejengwa juu ya mtu anaekojoa kama lita moja na nusu, na huku kwetu mwezi wa pili na wa tatu joto likikaza hiyo lita moja na nusu wengi hawaifikishi. Kwa hivyo mtungi ukikosewa unadanganya chini, na kikopo jua likiwaka kinadanganya juu, na kudanganya juu ndo kubaya zaidi manake kila mtu atafurahi aende nyumbani.

Dawa yake ipo, si ya miujiza. Kwenye kikopo kile kile pima na kreatinini, upate ayodini kwa gramu ya kreatinini, hapo maji yanajirekebisha kiasi. Si sawa kabisa, manake kreatinini inategemea misuli na nyama anayokula mtu, bibi mwembamba wa miaka 70 na kijana mbeba mizigo hawafanani, lkn kwa watu wazima inasaidia kuliko kwa watoto. Na usikusanye Ramadhan! Kuna watu walipanga kukusanya saa tisa mchana mwezi wa Ramadhan, nikawauliza mkojo huo mtautoa wapi.

Halafu kuna hili la kusoma majibu, hapa wengi wanateleza. Kikopo hakikwambii chochote kuhusu mtu mmoja. Mtu yule yule leo anatoa 60, kesho 180, keshokutwa 110, kwa sababu jana alikula nguru na leo kala chai na mkate. Ukitaka kumjua mtu mmoja kwa vikopo unahitaji kama 10 vyake vya siku tofauti. Kikopo ni cha umati. Unawapanga watu wote kwa namba zao kuanzia mdogo hadi mkubwa, ukiwa na watu 301 unamchukua wa 151, huyo wa katikati ndo mediani yako. Kwa Shirika la Afya Duniani, watu wazima wasio wajawazito wakiwa na mediani ya mikrogramu 100 hadi 199 kwa lita wako sawa, chini ya 100 kuna upungufu, 300 kwenda juu imezidi. Wajawazito mizani yao ni nyengine, 150 hadi 249, kwa hivyo usiwachanganye kwenye kapu moja. Na wasiozidi asilimia 20 ndo wawe chini ya 50.

Kosa utakaloliona kwenye ripoti nyingi ni hili, "asilimia 40 ya wakaazi wana upungufu wa ayodini", ukiangalia wamehesabu vikopo vilivyokuwa chini ya 100. Hapana bana. Hivo ni vikopo asilimia 40, watu hamjui ni wangapi. Ukitaka kujua sehemu gani ya watu haipati ya kutosha, rudi kwa baadhi yao, robo hivi, uchukue kikopo cha pili siku nyengine, wenye hesabu wapate kuondoa ule mtikisiko wa siku kwa siku. Kazi ndogo, faida kubwa, na watu hawaifanyi.

Idadi: kwa kundi moja kama vikopo 125 vinakupa picha ya kukosea asilimia 10 huku au huku, ukitaka asilimia 5 panda hadi kama 500. Angalia nimesema kundi. Lamu si kundi moja. Mtu wa Pate na mtu wa Mpeketoni wote ni Kaunti ya Lamu lkn sufuria zao hazijuani, huyu samaki na nazi, yule mahindi na maharagwe ya shamba, ukiwamwaga pamoja utapata mediani nzuuuri isiyomhusu yeyote. Visiwa peke yake, bara peke yake, wajawazito peke yao. Na misimu: kusi likivuma bahari imechafuka samaki anapungua, kaskazi anajaa sokoni, ukikusanya kaskazi tu umejipima siku ya sikukuu.

Maabara gani? Uliza swali moja, wamo kwenye EQUIP? Huo ni mpango wa CDC, taasisi ya afya ya Marekani kule Atlanta, ulioanza 2001, wa kuzipelekea maabara mikojo ya majaribio waone kama zinapima sawasawa. Kama wanapima kwa Sandell-Kolthoff (ile ya rangi ya manjano inayofifia, ayodini ikiwa nyingi inafifia haraka) sawa, kama wana mashine kubwa ya ICP-MS sawa zaidi, ila jina la mashine lisikubabaishe kama hawajipimi na wenzao.

Na hili nalisema kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka ule tulikuwa tunataka pia kuwaangalia watu sukari, kwa hivyo tukachovya kile kijiti cha kupima mkojo kwenye kikopo, ndo tukamimina kwenye kichupa cha maabara. Majibu yakarudi juu ajabu, kijiji kizima kama kinakula mwani. Kumbe vijiti vingi vya sukari vina ayodini ndani yake, potasiamu ayodaidi, na kwa kuchovya tulikuwa tunaitia sisi wenyewe. Siku tatu za boti zikaenda na maji. MIMINA KWANZA, CHOVYA BAADAE. Na dawa ile ya kahawia ya vidonda, nayo ni ayodini, iwe mbali na meza yenu, chumba cha zahanati kinachonukia dawa hiyo msikusanyie humo. Mtu aliepigwa picha ya CT na dawa ya mshipani, ama anaekunywa amiodaroni ya moyo, hizo nazo zina ayodini, andika pembeni, namba zake zitaruka.

Sasa chumvi. Chumvi haikwambii mwili una nini, inakwambia mlango uko wazi ama umefungwa, na mimi siwezi kufanya uchunguzi bila chumvi. Kuna njia mbili. Kichupa cha matone, unadondoshea chumvi, ikigeuka zambarau ayodini ipo, ikibaki nyeupe haipo. Haraka, rahisi, na mama wa nyumba anaona kwa macho yake, hapo ndo mazungumzo yanaanza. Lkn usiandike namba kutoka kwenye zile rangi, watu watatu watakupa majibu matatu, ile ni ndio ama hapana basi. Ukitaka kiasi chukua vijiko viwili vitatu kwenye mfuko, peleka maabara wafanye taitresheni. Kipimo cha nyumbani ni miligramu 15 kwa kilo kwenda juu, na hesabu yake ni nyepesi: chumvi yenye 30 kwa kilo, ukila gramu 5 kwa siku umepata mikrogramu 150 yako, ikiwa imeshuka hadi 15 umepata nusu.

Na chukua ile ya jikoni kabisa, usichukue ya pakiti mpya. Shangazi yangu chumvi yake iko kwenye kibakuli kisicho na kifuniko pembeni ya jiko, kijiko kinatoka kwenye mchuzi kinarudi mle, juu imefanya ukoko, chini maji maji. Pakiti yake imeandikwa ina ayodini, na ilikuwa nayo. Nilidondosha tone pale ukokoni ikatoka zambarau ya kuonea huruma, nikadondosha kwenye pakiti mpya iliyokuwa kabatini ikawa bluu ya wino. Akanambia sasa hiyo ndo nini, nikamwambia shangazi, chumvi yako imepigwa na upepo. Akacheka, akaweka sahani juu. Ayodini ya chumvini ina sura mbili, na ile inayoitwa ayodeti inavumilia kuliko ayodaidi, lkn unyevu wa Amu na moto wa makaa vikikutana kila siku nayo inachoka.

Shingo nitaipita haraka. Kushika shingo ni bure, hakuna kifaa, na watu wanaielewa. Daraja la 0 hakuna rovu, la 1 unalishika lkn hulioni, la 2 unaliona. Tatizo rovu dogo watu wawili hawakubaliani, mmoja atasema lipo mwengine atasema hamna kitu, na kwa mtu mzima shingo inasimulia ya zamani, chumvi inaweza kuwa imetengenea miaka mingi na rovu bado lipo palepale. Kile kiwango cha asilimia 5 ya wenye rovu kinachotajwa ni cha watoto wa shule, usikivishe watu wa miaka 50. Altrasaundi inapima vizuri zaidi kuliko vidole ila tafuta mashine, tafuta mtaalamu, vusha vyote na boti. Kama kazi yenu ni kujua leo watu wanakula ayodini kiasi gani, shingo ni picha ya harusi ya zamani.

Damu kuna mbili watu wanazozichanganya. TSH, homoni inayoiamrisha tezi, kwa mtu mzima haifai kazi hii, mtu anaweza kuwa na upungufu wa ayodini na TSH yake ikabaki kawaida kabisa, ile inafaa kwa watoto waliozaliwa juzi. Thairoglobulini, protini inayotoka kwenye tezi, ndo ya maana, tone la damu ya kidole kwenye karatasi, linakauka, linasafiri kwa bahasha, na linakupa habari ya wiki na miezi iliopita, si ya chakula cha jana. Ningekuwa na pesa za ziada ningeiongeza juu ya vikopo. Ila mipaka yake imesimama vizuri kwa watoto, kwa watu wazima bado inapepesuka, na mwenye kingamwili za tezi anaharibu hesabu, kwa hivyo isiwe peke yake.

Ile video inayozunguka kwenye simu za watu, ya kujipaka tinkcha ya ayodini mkononi uangalie inapotea kwa saa ngapi, ati ikipotea haraka una upungufu, jamani, ayodini inapaa hewani yenyewe, kwa joto la hapa Lamu nzima itakuwa na upungufu kufika saa saba. Na kupima nywele hivo hivo, weka pesa yako.

Kwa hivyo binamu, kama swali ni "watu wetu wako vipi", vikopo, na kreatinini ndani yake, visiwa mbali bara mbali, wajawazito na mizani yao, 150 kila kundi wakikosekana wachache usiumie, kikopo cha pili kwa robo yao, na chumvi ya kibakulini kutoka kila nyumba. Mara moja kaskazi, mara moja kusi, Ramadhan muiache. Kama wafadhili wanataka pia kujua watu wanakula chumvi nyingi kiasi gani kwa ajili ya presha, hapo mtungi unajilipia, manake mkojo ule ule unapima sodiamu na ayodini kwa pamoja, na utajua kama kuwaambia watu washuke hadi gramu 5 za chumvi kutawapunguzia ayodini. Lkn kwa watu wachache, waliokubali wenyewe, na mhudumu wa afya wa mtaa awapitie mchana na jioni. Kama swali ni "mama fulani ana tatizo la tezi?", yote haya muyaache, aende kwa daktari wake.

Nimemtumia haya jana usiku. Vikopo amekubali, chumvi amekubali, ila mtungi ameung'ang'ania, anataka watu 200, wavuvi na wachuuzi wote ndani. Nikamwambia sawa, anza na wako wewe, siku moja tu, Jumamosi, ile siku una harusi mbili na safari ya Shela. Ameona ujumbe, tiki mbili za bluu, bado hajajibu.